Maji Niliyompa Konokono

Wiki iliyopita mwanangu wa mwisho aliosha gari letu uani, na kwa bidii yake akafungua kifuniko cha mbele na kumwaga ndoo nzima juu ya injini iliyokuwa bado na joto. Mvuke ulipanda hadi dirishani nilipokuwa nikikunja nguo. Harufu ya chuma cha moto kilichomwagiwa maji, yenye mafuta kidogo na kutu kidogo, ilinifikia kabla sijaona alichofanya. Nilikaa kitandani na zile nguo mapajani. Aliponiona kimya alidhani nimekasirika, lakini mimi nilikuwa nimerudi Kisangani, mtaa wa Kabondo, nina miaka minane na nimeshika kopo la nyanya.

Wale tuliokulia pale miaka ya vita tunakumbuka jinsi mto ulivyonyamaza. Boti hazikupanda tena kutoka Kinshasa. Chumvi, sabuni, hata viberiti vilishuka kutoka angani, uwanja wa ndege wa Bangboka, kwenye ndege za zamani ambazo milango yake ilifungwa kwa kamba. Papa, baba yangu, alikuwa ameteremka Kinshasa kutafuta bidhaa wiki chache kabla ya njia kukatika, na vita vikamkuta upande ule. Mama alibaki na duka, na mimi, na mdogo wake Paluku, ambaye mimi nilimwita Tonton. Wote wawili walikuwa wametoka Butembo wakiwa vijana, na nyumbani waligombana kwa Kinande, lugha ya kwao, ili nisielewe.

Tulikuwa na gari moja, refu, lenye nafasi ya mizigo nyuma. Lilikuwa limepitia Uganda kabla ya kutufikia, na usukani wake ulikuwa upande wa kuume. Tonton alilipenda kuliko nguo zake. Siku moja alinibeba juu ili nione ndani ya injini, akaniwekea kidole karibu na kitu cha chuma kilichojiviringisha.

“Ona huyu. Ni turbo. Iko kama konokono. Anakunywaka upepo, kisha anausukuma mu motere. Bila yeye gari yetu iko muzee tu.”

Mimi sikusikia neno “kama.” Nilielewa kwamba ndani ya gari letu kuna konokono, mkubwa, mwenye nyumba ya chuma, na kwamba nguvu yote ya gari inatoka kwake. Nilishangaa tu kwamba anakaa mahali pa moto vile. Konokono niliowajua mimi walitoka mvua ikinyesha, na jua likiwaka walijifungia wakakauka. Nilianza kumhurumia. Nilipopita karibu na gari nilimsalimu.

Asubuhi moja Tonton alirudi kutoka kununua esansi, yaani petroli, akaegesha uani, akaacha kifuniko cha mbele wazi, akaingia ndani kunywa chai. Siku zile alikuwa akikifungua mara kwa mara, anainama, anagusa kitu, anatabasamu peke yake. Nilisogeza kibao, nikapanda, nikaona yule konokono alivyo mkavu na mwenye vumbi. Nilichota maji kwenye pipa na kummwagia. Akalia ssss, na harufu ile ikanipanda puani. Nilidhani ni sauti ya kunywa. Nikamwongezea kopo la pili.

Saa moja baadaye tulikuwa njiani kwenda Bangboka, Mama, Tonton na mimi. Shule zilikuwa zimefungwa, na Mama alikuwa ameona kwamba kwenye bariera, kile kizuizi cha barabarani, askari walisema kwa upole zaidi wakiona mtoto ndani ya gari. Kwa hiyo nilikwenda kila safari. Siku hiyo gari lilikimbia kuliko nilivyowahi kuliona likikimbia. Tonton akikanyaga kidogo tu, tunasukumwa nyuma kwenye viti.

“Paluku, punguza,” Mama alisema.

Alipunguza, lakini niliona kwenye kioo kwamba anacheka. Na mimi nilicheka. Nilijua sababu, au niliamini ninaijua: rafiki yangu alikuwa na kiu, sasa amekunywa.

Kurudi tulibeba mifuko kumi ya chumvi, wakati kawaida yetu ilikuwa sita. Mama aliuliza kama gari litaweza. Tonton akasema litaweza, alitazame tu. Kwenye tambarare liliweza. Kisha barabara ikaanza kupanda, na katikati ya kilima ndiko ilikokuwa bariera, kamba iliyofungwa vitambaa vyekundu na askari watatu chini ya turubai. Tonton alikanyaga. Gari likavuta, likashtuka, likavuta tena, likashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Akakanyaga zaidi. Ndipo bomba la moshi likapiga mlio mmoja mkubwa, pa, na mara ya pili, pa.

Askari wote watatu wakalala chini. Mmoja akafyatua, na risasi ikapita juu yetu. Mama alinisukuma miguuni pake akanifunika kwa kikwembe alichojifunga, kwa hiyo mambo yaliyofuata niliyasikia tu. Nilisikia injini ikizimwa. Nilisikia Tonton akisema, kwa sauti ambayo sikuifahamu, “Ni motere, chef. Mikono yangu iko hapa inje. Ni motere tu.”

“Motere inapigaka bunduki?” askari mmoja aliuliza.

“Ni motere, chef.”

Walitoboa mifuko miwili kutafuta silaha, na chumvi ikamwagika njiani. Kisha wakampeleka Tonton kwenye kambi yao ya Kapalata. Mama alishuka, akasema nao, akapiga magoti. Mimi nilikuwa nimetoka chini ya kiti na nilimwona amepiga magoti juu ya chumvi yetu wenyewe. Mwishowe mtu mmoja aliyekuwa kwenye gari la nyuma yetu alituhurumia, akatuendeshea gari hadi nyumbani, mwendo wa mtu anayetembea. Kwa mwendo ule halikushtuka hata mara moja. Nilitazama kifuniko cha mbele njia nzima. Nilijua nimemzamisha konokono, na kwamba pale kilimani alikuwa akikohoa maji yangu.

Siku tatu Mama alikwenda Kapalata na mimi nikimfuata, nimebeba sufuria ya lituma, ndizi za kuponda, na sombe, iliyofungwa kitambaa. Siku mbili za kwanza walichukua chakula wakatuambia tuondoke. Usiku sikulala na mchana sikula, na Mama akadhani nina malaria akanipa vidonge vichungu ambavyo nilivimeza bila kubisha, kwa sababu niliona vinanistahili. Sikuthubutu kusema. Hesabu yangu ya kitoto ilikuwa hii: nikisema, askari watamwachia Tonton na kunichukua mimi, na hilo lilikuwa haki, lakini niliogopa kambi ile kupita kiasi. Hivyo kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua kusema, na tukifika langoni nikamshika Mama kikwembe nikanyamaza. Hadi leo nikikumbuka aibu ya lango lile, uso wangu unapata joto.

Siku ya tatu mkubwa mmoja alikubali mfuko wa chumvi na katoni ya sabuni, na Tonton akatoka. Hakuwa na viatu, na jicho moja lilikuwa limefungwa kwa uvimbe. Mama alichemsha maji, akamkanda, akampa shati la Papa.

Tonton hakuwa mtu wa kunyamaza, lakini sasa alinyamaza. Nikiingia alipo, alitazama pembeni. Niliamini amejua. Niliamini aliniona na lile kopo kutoka dirishani, na kwamba kule kambini walimpiga wakimwuliza nani ameharibu gari, naye akakataa kunitaja. Nilimpenda siku zile kwa upendo uliokuwa unauma. Nilimwachia nyama yangu kwenye sahani. Hakuigusa, akairudisha kwangu, na hilo nalo nililiona kuwa ushahidi.

Bila gari, duka lilianza kuwa na rafu tupu. Mama akamleta fundi, ambaye sote kwa heshima tulimwita Papa Amisi.

Papa Amisi alikuwa wa zile familia za Kiislamu ambazo zimekaa mjini tangu zamani, mtu mfupi mwenye mabega mapana na hasira za karibu. Kazi yake halisi ilikuwa motere za pirogi, mitumbwi ya mtoni. Mto ulipofungwa akahamia magari, na hakuficha kwamba bado anajifunza. Alikuja na boksi la mbao, akasafisha kichujio cha hewa, akamwaga esansi yote kwa kuamini imechanganywa na mafuta ya taa, akatia nyingine. Akabadilisha waya mmoja uliopasuka. Gari likawaka vizuri, likanguruma vizuri, likazunguka mtaa bila kosa.

“Bon,” alisema. “Sasa tuibebeshe.”

Hatukuwa na mzigo, kwa hiyo aliita watoto wa mtaa. Tuliingia kumi na wawili, wengine nyuma wamekunja magoti, na chini yetu akaweka mifuko miwili ya mchanga. Kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Tonton aliendesha, Papa Amisi akakaa kando yake na kichwa nje ya dirisha. Tulishuka upande wa daraja la Tshopo, tukageuka, tukaanza kupanda. Likashtuka. Likashtuka tena. Halafu, pa.

Barabarani watu walilala chini. Mama mmoja aliyeuza mihogo alijitupa juu ya mtoto wake. Milango ya maduka ikafungwa mmoja baada ya mwingine, hadi chini kabisa, na watoto waliokuwa garini wakaruka nje kabla halijasimama wakakimbia kwao. Tulibaki watatu kwenye gari lililokwama katikati ya njia tupu. Yule muuza mihogo aliinuka polepole, akajipangusa, akatutazama. Hakutukana. Alianza tu kuokota mihogo yake.

Tuliporudi uani Papa Amisi alinawa mikono kwa sabuni na mchanga, muda mrefu. Kisha akasema, akimtazama Mama, halafu Tonton, halafu, niliona, mimi:

“Motere haina ugonjwa. Nimeangaria yote. Kuko kitu munanificha.”

Miguu yangu ilitembea yenyewe. Nilisimama mbele yake.

“Papa Amisi, ni miye.”

“Weye ulifanya nini?”

“Nilimupatia konokono mayi.”

Nasimulia jambo hili nikiwa mtu mzima, na najua mtu mzima yeyote angecheka. Yeye hakucheka. Aliketi juu ya boksi lake ili macho yetu yalingane.

“Konokono gani?”

“Ule wa mu motere. Alikuwa na kiu.”

“Mayi ngapi?”

“Makopo mbili.”

“Kopo ya maziwa ao ya nyanya?”

“Ya nyanya.”

“Na motere ilikuwa na moto?”

“Ndiyo. Alilia ssss.” Hapo machozi yakanishinda. “Njo maana akakohoa ku bariera. Njo basoda bakamubeba Tonton.”

Papa Amisi alifikiri. Ninasema alifikiri kwa sababu nilimwona akifanya hivyo, akihesabu siku kwa vidole, akigeuza kichwa kuelekea gari, kama ambavyo angefanya kama mteja mwenye mtaji angemweleza jambo lile. Kisha akatikisa kichwa.

“Hapana. Mayi kidogo vile, juu ya motere ya moto, inakauka mbele haujamaliza kushuka ku kibao. Na leo ni siku ya ngapi? Mayi haiwezi kungoja siku zote hizi. Haiko weye, mutoto wangu.”

Sikumwamini. Nilidhani ananihurumia. Lakini nyuma yangu, kwenye kizingiti cha jikoni, Tonton alikuwa amesimama.

“Mwacheni mutoto,” alisema. “Ni miye.”

Mama aligeuka. Tonton hakumtazama, alisema akitazama vidole vya miguu yake.

“Fundi mumoja wa Bangboka alinifundisha. Kuko mupira mudogo, kama bomba, unatoka ku turbo, unaiambiaka ipumuzike. Nilitia mule kichwa ya kalamu, ile ya chuma, yenye tundu ndogo. Donc, basi, turbo haisikie vizuri, inaendelea kusukuma upepo. Njo gari ikapata nguvu.”

“Lini?” Mama aliuliza.

“Siku mbili kabla ya bariera.”

“Na ukanyamaza. Kapalata ukanyamaza, hapa ukanyamaza. Papa Amisi anatafuta kama kipofu, na weye unamwangaria.”

“Nilikuwa na haya, yaya,” alimjibu dada yake.

“Ulikuwa unatafuta nini, Paluku? Mbio?”

Hapo alimtazama, kwa jicho lile moja zima. “Mifuko kumi. Tukibeba kumi, tutaenda mara moja ku juma, haiko mara mbili. Kila safari kuko bariera ile. Kila safari weye na mutoto muko ndani.”

Kuku walipita kati yetu. Mama alivuta kigoda, akakaa, akanivuta mimi magotini pake ingawa nilikuwa mkubwa kwa magoti, akaweka kidevu juu ya kichwa changu.

Papa Amisi peke yake alikuwa amechangamka. Alikuwa ameshafungua boksi. “Bon, bon, bon. Kumbe ni upepo,” alisema, na akaanza kuchomoa buji, zile pini za kaure nyeupe zinazopiga cheche ndani ya injini. Alizipanga nne juu ya gazeti. Akaniita nione zilivyo kavu, moja moja, akanitilia kila moja mkononi hadi niliporidhika. Kisha akawasha kiberiti.

“Puliza kidogo.”

Nilipuliza, mwali ukalala, ukasimama tena.

“Sasa puliza sana.”

Ukazimika.

“Ni vile. Tonton yako aliongeza upepo, na cheche iko inarukaka njia murefu, toka hapa mupaka hapa.” Alinionyesha pengo kati ya ncha mbili za buji. “Gari ikiwa tupu, upepo ni kidogo, cheche inafika. Ukibebesha, upepo inakuya mingi, inaizima katikati ya njia. Esansi inatoka bila kuungua, inaungulia mu bomba. Pa.” Akamgeukia Tonton. “Ungelisema siku ya kwanza, ningelikuwa nyumbani nakula.”

Dawa ilikuwa kulipunguza pengo lile, lakini hakuwa na kipimo cha kulipimia. Alitoa kwenye boksi kipande cha msumeno wa kukatia chuma, kilichosagwa meno upande mmoja, na kusema unene wake unatosha. Akagonga ncha ya buji ya kwanza juu ya jiwe, polepole, tik, tik, akipitisha kile kipande katikati hadi kikapita kwa kubana. Nyingine zote zikafuata. Ya mwisho ilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu aliigonga mno akalazimika kuifungua tena, na alijitukana mwenyewe kwa Lingala.

Alipozirudisha, alishika ule mpira mdogo kwa koleo, tayari kutoa kichwa cha kalamu.

“Ngoja,” Mama alisema. “Ikibaki, gari itabeba kumi bila kupiga?”

“Nitapanua tundu kidogo, upepo upungue nusu. Ndiyo, itabeba. Pole pole ku kilima.”

“Basi iache. Paluku alifikiri vizuri. Alikosa kusema tu.”

Nilikuwa nimerudi magotini pake. Nilimwona Tonton akigeuka kuelekea ukuta, akisimama hivyo kitambo, mikono kiunoni, kama mtu anayekagua rangi ya nyumba.

Jioni watoto wakarudishwa, wakishawishiwa kwa karanga, mchanga ukaongezwa, tukapanda tena kutoka Tshopo. Gari lilivuta mfululizo, sauti moja, hadi juu. Yule muuza mihogo alitutazama tukipita. Papa Amisi alimwinulia mkono, naye, baada ya kusita, akainua wake.

Mto ulipofunguliwa miaka ya baadaye, Papa Amisi alirudi kwenye motere zake za maji, na niliambiwa alihamia upande wa Opala, kwenye mto Lomami. Sikumwona tena. Nimekutana na watu wengi waliosoma kuliko yeye, na wachache mno walionisikiliza vile. Angeweza kunifukuza niende kucheza. Aliniuliza kopo la maziwa au la nyanya, na kwa swali lile moja alinitoa kwenye lango la Kapalata nilikokuwa nimesimama siku zote hizo. Na kwa Tonton nina shukrani ya namna nyingine. Ilimchukua muda, lakini hakukubali niubebe mzigo wake hata dakika moja baada ya kujua kwamba ninaubeba.

Safari ya kwanza baada ya hapo tulibeba mifuko kumi. Kwenye bariera walikuwa askari wengine. Walitazama karatasi, wakatazama chumvi, wakachukua sabuni yao ya kawaida, wakashusha kamba. Tonton alikanyaga kwa uangalifu. Nilishikilia pumzi hadi kilima kikaisha. Nilipomgeukia Mama nimwambie tumepita, nikaona amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, mikono imeachia mkoba. Sikuwahi kumwona amelala mchana tangu Papa aondoke, na kwenye barabara ile hakuwahi hata kufumba macho.

Tonton alimwona kwenye kioo. Tulifika Kabondo, tukafika kona yetu, na esansi ilikuwa kitu adimu cha kupimwa kwa chupa siku zile. Aliweka kidole mdomoni ili ninyamaze, akapita nyumba yetu bila kusimama, akazunguka mtaa mzima mara moja, kisha mara nyingine, polepole sana, ili Mama aendelee kulala.